Ultrasaundi ya kichwa kwa watoto njiti: damu ubongoni haipigi hodi

MPIGA PICHA (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kupiga ultrasaundi, na wodi ninayoijua kuliko zote ni ile ya watoto njiti. Uzi huu ni wa wazazi hasa, ila wahudumu wenzangu karibuni muongezee na msahihishe.

Nikiingia na mashine wodini, kina mama hubadilika sura. "Wameona nini kichwani kwa mwanangu?" Mara nyingi hakuna kilichoonekana, tunakuja kutafuta. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasa mwenye uzito chini ya gramu 1,500, anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo na bado akalala vizuri, akapokea maziwa kwa mrija, rangi yake isibadilike. Wapo wanaoonesha: pumzi inakatika mara kwa mara, utosi unavimba, degedege, wingi wa damu unashuka ghafla bila sababu. Lakini ukisema usubiri dalili ndipo upige picha, wengi watakupita.

Kwa nini njiti? Katikati ya ubongo kuna vyumba vyenye maji. Pembeni mwa vile viwili vikubwa, chini ya utando wake, mtoto aliye tumboni ana tabaka laini linalozaa seli za ubongo. Tabaka hilo hutumia damu nyingi, kwa hiyo limejaa vimishipa ambavyo kuta zake bado ni nyembamba mno. Mimba ikisogea kuelekea wiki ya 34 hivi linanywea, na mtoto aliyetimiza miezi yake karibu hana tena. Wa wiki 26 analo lote. Juu ya hapo, ubongo wake haujaweza kujilinda na kupanda na kushuka kwa presha. Presha ikiruka, mkondo wa damu ubongoni unaruka nao, sawa na kufungua bomba kwa nguvu kwenye mpira uliochakaa. Dripu iliyosukumwa haraka, hewa kuvuja kuzunguka pafu, hewa chafu kupanda kwenye damu, mtoto kupigana na mashine ya kupumulia, yote hayo huweza kupasua vimishipa hivyo.

Na hutokea mapema. Karibu nusu ya damu hizi huvuja ndani ya saa 24 za kwanza, na takriban asilimia 90 huwa zimeshavuja mtoto anapomaliza siku ya 3 au ya 4.

Mwaka 1978 Dkt. Lu-Ann Papile na wenzake huko Marekani waliwapiga CT scan watoto 46 mfululizo waliozaliwa chini ya gramu 1,500, bila kuchagua wenye dalili. Watoto 20 walikuwa na damu. Kati ya waliovuja na wakaishi, 7 hawakuwa na dalili yoyote ya kumfanya daktari ashuku. Mwaka uliofuata madaktari wa London wakaandika kwenye jarida la Lancet kwamba ultrasaundi nayo huweza kuona ubongo wa njiti ulioumia. Toka hapo hakukuwa na haja ya kumtoa mtoto kwenye joto, kumpeleka chumba kingine na kumpiga mionzi.

Nitaeleza picha inavyopigwa kwenye posti inayofuata.

MPIGA PICHA

Naendelea.

Fuvu la mtu mzima huzuia mawimbi ya sauti. La mtoto mchanga lina utosi, pale juu panapodunda, mifupa haijakutana. Huo ndio mlango wetu. Probu tunayotumia, yaani kile kifaa cha mkononi kinachotoa mawimbi, ni ndogo, inakaa juu ya utosi bila kugusa mfupa, na mawimbi yake ni ya masafa ya juu, kama megahezi 5 hadi 8, na kwa wadogo kabisa hata 10. Masafa yakipanda picha inakuwa kali lakini haifiki mbali, na kichwa cha gramu 900 hakina umbali.

Tunapasha jeli moto kwanza. Jeli ya baridi kwenye kichwa cha njiti inamshusha joto na kumshtua, na mshtuko ndio tunaoukwepa. Probu inafutwa kwa dawa, mikono inaingia kwa tundu la inkubeta, mtoto anabaki alivyolala. Kwanza tunapita kutoka paji la uso kwenda kisogoni, vipande kwa vipande, kisha tunaigeuza probu na kutazama kutoka katikati kwenda upande wa kulia, halafu kushoto. Mkono ukiwa mwepesi, mtoto mara nyingi haamki.

Kwenye skrini maji ni meusi, ubongo ni wa kijivu wenye mistari, na damu mpya inang'aa nyeupe. Ungedhani basi ni rahisi, tafuta cheupe. Lakini ndani ya vyumba vile kuna kishada cha mishipa kinachotengeneza maji ya ubongo, nacho ni cheupe vilevile, kwa mtoto mzima kabisa. Wanaoanza kazi hukwama hapa. Kinachotuokoa ni kijifereji kidogo kati ya viini viwili vya ubongo, mbele kidogo ya katikati. Kishada kile huchongoka na kuishia kwenye kijifereji hicho, hakiendi mbele zaidi, wala hakiingii pembe ya nyuma ya chumba. Kwa hiyo ukiona kitone cheupe mbele ya kijifereji, hicho si kishada. Ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Kitone chenyewe huweza kuwa na upana wa milimita chache tu, ndiyo maana tunakitafuta kwa pande mbili, kwa ukata wa mbele na wa ubavuni. Kikionekana kwa upande mmoja tu, tunasita kukiandika.

MAMA PACHA

Asante sana kwa uzi huu. Pacha wangu walizaliwa wiki ya 29, mmoja gramu 1,150 na mwenzie 1,240. Walipigwa picha siku ya pili tukaambiwa safi wote. Nikamshukuru Mungu nikajua limeisha. Sasa wana wiki 5 na jana nimeambiwa wanapigwa tena. Kama ilikuwa safi, kwa nini tena? Kuna kitu hawaniambii?

MPIGA PICHA

Mama Pacha, hongera kwa kuwafikisha hapo. Hakuna unachofichwa, wanafanya inavyotakiwa, na ningeogopa zaidi kama wangekwambia picha ya siku ya pili inatosha.

Picha ya siku ya pili inajibu swali moja tu: mpaka leo damu imevuja? Haijui ya siku ya nne. Na kuna tatizo la pili ambalo si la kuvuja damu. Ubongo mweupe unaozunguka vile vyumba unaweza kukosa damu na hewa ya kutosha, ukafa taratibu. Mwanzoni picha inaweza kuonekana ya kawaida, au kuwa na weupe hafifu usioeleweka. Baada ya wiki 2 hadi 4 ndipo panatokea vishimo vidogo vyeusi. Vishimo hivyo vina uzito mkubwa kuliko damu ya gredi ya chini, yaani ile iliyovuja kidogo, maana mara nyingi hufuatana na mtindio wa ubongo. Asiyerudia picha hatavijua.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2020 kinasema watoto wote wa wiki 30 kurudi chini wapigwe ultrasaundi ya kichwa kufikia siku ya 7 hadi 10, warudiwe wiki ya 4 hadi 6, kisha wanapokaribia tarehe waliyotakiwa kuzaliwa au kabla ya kuruhusiwa. Wenye hali mbaya wapigwe mapema zaidi. Wakanada wao huanza na wote waliozaliwa kabla ya kutimiza wiki 32, picha ya kwanza siku ya 4 hadi 7. Tarehe zinapishana kidogo, ila hakuna mwongozo hata mmoja kati ya hiyo unaosema picha moja.

Wanao wako ndani kabisa ya kundi hilo. Nenda nao kwa amani.

MDADISI

Mkuu, hiyo mionzi kila mara kwenye ubongo wa mtoto mchanga haina madhara? Na pale utosini nasikia hapaguswi kabisa.

MPIGA PICHA

Ultrasaundi haina mionzi, ndugu. Ni sauti ambayo sikio halisikii. CT ndiyo yenye mionzi, ndiyo maana siku hizi haiwi chaguo la kwanza kwa njiti. Pamoja na hayo, hatuwashi nguvu kubwa kuliko inayohitajika wala hatukai pale bila sababu, kwa sababu nishati yoyote ile huzaa joto kidogo.

Utosi una ngozi na utando mgumu chini yake. Kuugusa hakuna shida, kuukandamiza ndiko kubaya. Probu inapumzika juu ya jeli, hatubonyezi. Ukiona mtu anabonyeza, una haki ya kumwambia.

NESI WA USIKU

Naomba niongezee upande wetu, kwa sababu picha inaonesha kilichotokea, ila mengi ya kuzuia yako mikononi mwetu na kwa wakunga.

Kubwa kuliko yote linaanza kabla mtoto hajazaliwa: sindano za kukomaza mapafu. Tangu Liggins na Howie wachapishe utafiti wao New Zealand mwaka 1972 watu wanazijua kwa ajili ya mapafu, lakini zinapunguza pia damu ubongoni. Mama mwenye dalili za kujifungua mapema asichelewe hospitali hata saa moja, hizo sindano zinahitaji muda kufanya kazi. Pili, kitovu kisikatwe haraka kama mtoto hahitaji kusaidiwa kupumua papo hapo.

Kisha siku 3 za kwanza. Kichwa kinakaa katikati, hakigeuzwi pembeni, ili mshipa wa shingo usikunjwe damu ikashindwa kurudi. Ukibadilisha nepi usinyanyue miguu juu ya kiwango cha kichwa, mgeuze kiunoni kidogo. Dawa ya mshipa inasukumwa polepole. Kazi zinakusanywa pamoja, mtoto aachwe alale. Wazazi wakituona tunawazuia wasimshikeshike ovyo siku hizo wasidhani tuna roho mbaya.

MKUNGA

Nesi umenena. Swali langu ni hili: si wote wanachomwa vitamini K? Mbona bado wanavuja?

MPIGA PICHA

Swali zuri mno. Vitamini K inazuia damu ya aina nyingine, ile inayotokana na upungufu wa viini vya kugandisha, ambayo huweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kuzaliwa na kuingia kichwani. Hiyo sindano ni lazima, msiiache. Lakini haiwezi kuunenepesha ukuta wa kimshipa cha mtoto wa wiki 26.

Kuna dawa nyingine, indomethasini, ilijaribiwa kama kinga. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2001 ukiwa na watoto zaidi ya 1,200 ulionesha inapunguza damu nyingi ubongoni, ila watoto walipopimwa wakiwa na miezi 18 hapakuwa na tofauti ya ulemavu wala vifo. Kwa hiyo wodi nyingine wanaitumia kwa kuchagua, nyingine hawaitumii.

BABA MPYA

Mpiga Picha, naandika nikiwa nje ya wodi. Binti yetu ana gramu 980, wiki 27. Leo tumeambiwa ana gredi 4 upande wa kushoto. Daktari ameongea nasi vizuri ila baada ya neno gredi 4 sikusikia kingine. Niambie ukweli kaka. Ndiyo basi?

MPIGA PICHA

Pole sana ndugu yangu. Hapana, si ndiyo basi. Kaa chini nikueleze, na ukweli sitakuficha.

Gredi hizi ni zile za Papile. Gredi 1, damu imebaki kwenye lile tabaka. Gredi 2, imeingia kwenye chumba cha maji lakini chumba hakijatanuka. Gredi 3, imekijaza na kukitanua. Gredi 4, kuna damu ndani ya nyama yenyewe ya ubongo. Wa gredi 1 na 2 wengi hukua vizuri na damu hunyonywa yenyewe.

Zamani walidhani gredi 4 ni chumba kimejaa hadi kikapasuka. Dkt. Joseph Volpe na wengine wakaonesha sivyo. Damu iliyoganda pembeni mwa chumba huziba mshipa unaotoa damu eneo lile, damu inashindwa kutoka, inarundikana, nyama ya pale inakufa na kuvuja. Ndiyo maana mara nyingi huwa upande mmoja, kama kwa binti yako. Kwako hiyo ni habari muhimu. Madaktari wengi siku hizi hawaridhiki na namba 4 tu. Wanaandika eneo ni kubwa kiasi gani, liko mbele, katikati au nyuma, upande mmoja au zote. Kidoa kimoja kidogo cha mbele na eneo kubwa la pande zote mbili vyote vinaitwa gredi 4, na ni watoto wawili tofauti kabisa. Muulize daktari hayo matatu. Andika majibu.

Hatari ya mtindio wa ubongo ipo na ni kubwa kuliko kwa mtoto asiye na damu. Kushoto kukiumia, udhaifu huja upande wa kulia wa mwili. Lakini wengi walioumia upande mmoja hutembea, na ubongo wa umri huo bado unajijenga. Akifika umri ambao angezaliwa, MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ikipatikana itaonesha zile njia za neva za mwendo zimepona kiasi gani, na mazoezi yasisubiri mpaka udhaifu uonekane.

Cha kufuatilia sasa hivi ni maji. Damu ikiziba njia za maji ya ubongo, vyumba hutanuka, kawaida ndani ya wiki chache za mwanzo. Kichwa hakikui siku hiyo hiyo. Vyumba vinaweza kutanuka kwa siku kadhaa, hata wiki, kabla futi ya kupimia kichwa haijasema chochote, kwa kuwa ubongo wa njiti una maji mengi na unakubali kusukumwa. Kwa hiyo atapigwa ultrasaundi mara moja au mbili kwa wiki, na tutapima upana wa chumba kutoka mstari wa katikati na kuulinganisha na chati ya Levene ya 1981, inayoonesha upana wa kawaida kwa kila umri. Ukipita mstari wa juu wa chati kwa milimita 4, ni alama ambayo kwa miaka mingi imetumika kuamua kuingilia kati, na sasa wengine wanaingilia kabla ya kufika hapo. Wanaweza kutoa maji kwa sindano mgongoni, au kuweka kifuko kidogo chini ya ngozi ya kichwa cha kuyachotea, na akikua kama bado yanajaa, kuwekewa mrija wa kudumu. Wengine hutanuka kisha wakatulia wenyewe.

Ingia ndani umsalimie. Akiwa ametulia na wauguzi wakiruhusu, mpe mkono wako. Ukipata taarifa ya picha ijayo rudi hapa.

BABA MPYA

Ahsante. Nimesoma mara mbili. Naenda kuuliza hayo matatu.

NESI WA USIKU

Tunamwombea binti. Baba, njoo hata usiku, hutafukuzwa.

FUNDI WA PICHA MWENZIO

Salamu mkuu. Kituo chetu kina mashine moja ya wajawazito, yenye probu kubwa ya tumbo. Nimeombwa nipige kichwa cha njiti. Inawezekana?

MPIGA PICHA

Kwa probu hiyo ya tumbo utapata shida. Uso wake ni mpana kuliko utosi, nusu ya mawimbi yatagonga mfupa, na masafa yake ni ya chini kwa kazi hii. Utaona vyumba vikiwa vimetanuka sana, basi. Gredi 1 na 2 zitakupita, na ukiandika "safi" utakuwa umempa mzazi na daktari uhakika usiokuwepo. Ulizia kama mashine inakubali probu ya moyo ya watoto, ile ndogo ya pembe. Wengi tunaitumia na inatoa picha nzuri. Kama huna, andika wazi kwenye ripoti ulichoweza kuona na usichoweza.

Mengine mawili. Usiishie utosi wa mbele. Ubongo mdogo wa nyuma uko mbali na huo utosi, na njiti wadogo sana huvuja hapo pia. Kuna uwazi mwingine nyuma ya sikio, weka probu hapo utauona kwa karibu. Hata hivyo vidoa vidogo vya damu huko nyuma, na damu nyembamba juu ya ubongo chini ya fuvu, ultrasaundi huweza kuvikosa ambavyo MRI ingeviona. La pili, weupe unaouona nyuma ya vyumba usikimbilie kuuita ugonjwa. Geuza pembe ya probu. Ukipotea, ni mawimbi tu yalivyopita. Ukibaki kwa pembe zote na ukawa mweupe kuliko kile kishada, andika na urudie baada ya wiki.

MAMA PACHA

Nimerudi wakuu. Wote wawili wamepigwa leo, wa kwanza safi, mwenzie wameandika vyumba "vya juu kidogo ya kawaida", warudie baada ya wiki mbili. Ila tutakuwa tumesharuhusiwa. Nifanyeje? Na utosi hautakuwa umefunga?

MPIGA PICHA

Utosi bado sana, mama. Kwa kawaida hufunga mwaka wa kwanza ukielekea kuisha au wa pili ukiwa umeanza, ingawa baada ya miezi 6 hivi picha huanza kuwa ngumu kidogo. Wiki mbili si tatizo.

Kabla hujatoka omba mambo yafuatayo kwenye karatasi: tarehe ya picha ijayo, vipimo vya vyumba kwa milimita na si neno "kidogo" peke yake, mzingo wa kichwa cha siku ya kuruhusiwa, na wiki za mimba walizozaliwa nazo. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na bila hiyo atakayewapokea hajui asome chati kwa umri upi. Kama picha zenyewe wanaweza kukupa kwenye diski, chukua, ili atakayepiga zifuatazo alinganishe picha kwa picha.

Katikati hapo, ukiona utosi umejaa na kukaza wakati mtoto ametulia na ameinuliwa, macho yanaelekea chini hayapandi, anatapika kila anachokula, analala kupita kawaida au pumzi inakatika, usisubiri tarehe. Mpeleke siku hiyo hiyo.